Miguu ya Kashinje na Mgongo wa Luhaga

Asubuhi ile ya Julai, uani kwa Kashinje pale Nkoma palikuwa peupe kwa pamba. Magunia saba yalikwisha kushindiliwa na kushonwa midomo, yakingoja mkokoteni. Kashinje alikuwa ameketi kwenye kigoda akitenga pamba safi na chafu, na mumewe, Luhaga, alikuwa akiwafunga ng'ombe nira huku akiwaimbia kwa sauti mbaya.

"Hao ng'ombe wanaona aibu," Kashinje alimwambia.

"Wanaona raha. Asiye na masikio ni wewe."

Nyumba yao ilikuwa hivyo siku zote, ndugu zangu. Utani mwingi, kazi nyingi, na hakuna aliyelala njaa.

Sasa kabla sijafika mbali, mjue habari ya miguu ya mama huyu. Alizaliwa akitanguliza miguu, ndiyo maana akaitwa Kashinje, kama wengi wa kwetu Usukumani waliozaliwa hivyo. Na kwao waliamini kwamba mguu wa mtu wa namna hiyo ni dawa ya mgongo. Tangu akiwa na miaka sita, watu walikuja kulala kifudifudi juu ya ngozi ya ng'ombe mlangoni kwao, naye akawapitia mgongoni mara tatu, kwenda na kurudi. Wengi waliinuka wakisema wamepona. Mgongo uliochoshwa na palizi hupona hata ukiulaza tu, lakini nani angemwambia Kashinje hivyo? Alikuwa na miaka arobaini na minne na hajawahi kukataa mgongo wa mtu.

Basi magunia yakapakiwa yakawa mlima. Luhaga akapanda juu kabisa, akakaa kileleni.

"Shuka ukae mbele," Kashinje akamwambia. "Funga kamba."

"Kamba ya nini? Uzito wangu ndiyo kamba."

Hawakufika mbali. Kwenye kuvuka korongo, gurudumu liliingia shimoni, magunia yakateleza, na Luhaga akateleza nayo. Alianguka kwa makalio kwenye ardhi kavu iliyokuwa ngumu kama sakafu ya saruji. Hakuinuka.

Mboje, mdogo wake Luhaga, ndiye aliyekuwa akiswaga ng'ombe. Yeye na majirani wawili wakafanya kile ambacho wengi wetu tungefanya. Mmoja akamshika makwapa, mwingine miguu, Luhaga akajikunja katikati kama mkeka, wakambeba hadi nyumbani. Hilo lilikuwa kosa la kwanza, na lilifanywa kwa upendo.

Wakamlaza kifudifudi kwenye ngozi. "Kazi yako hiyo, shemeji," Mboje akasema. "Ametenguka tu."

Majirani walikwisha kujaa uani. Kashinje akanawa miguu kama desturi yake. Akaweka mguu wa kulia juu kidogo ya makalio ya mumewe, kisha wa kushoto, akasimama.

"Unaanza lini?" Luhaga akauliza, uso ukiwa kwenye ngozi.

Watu wakacheka. Walimjua kwa mizaha.

"Nimeshaanza," Kashinje akasema.

"Acha utani, mke wangu. Kanyaga. Hapo juu panawaka moto, na huku chini sisikii kitu."

Kicheko kikakatika. Kashinje alikuwa amesimama juu yake kwa miguu yote miwili, mwanamke mzima mwenye mwili wake, na mumewe aliye chini yake hakujua kama yupo.

"Ongeza uzito," Mboje akasema. "Ganzi hiyo inataka kuvunjwa."

Kashinje hakuongeza kitu. Mawazo yake yalikuwa yamerudi kwa fahali wa baba yake, yule aliyetumbukia kwenye shimo la kisima. Walimvuta kwa kamba, wakamtoa, lakini miguu ya nyuma ilikuwa imekufa, na hakusimama tena. Walipomchinja, baba yake aliupasua uti wa mgongo kwa shoka, na Kashinje akaona kwa macho yake. Pingili zimepangana, moja juu ya nyingine, kila moja ina tundu kwa nyuma, na ndani ya matundu hayo imepita kamba moja nyeupe, laini kama uji mzito. Pale pingili ilipovunjika, mfupa ulikuwa umeing'ata ile kamba.

Akashuka.

"Mbona unashuka, shemeji? Hujamaliza hata mara moja. Watu wanaangalia."

"Waache waangalie."

"Basi nilete pikipiki. Tumkalishe katikati, mimi mbele, mtu nyuma amshikilie."

"Mgongo uliovunjika haukai kwenye pikipiki, Mboje."

"Nani kakwambia umevunjika?"

"Fahali wa baba. Na asimguse mtu yeyote."

Akachukua simu, akampigia Benedikta, muuguzi wa zahanati. Benedikta si mtu wa maneno mengi.

"Umemkanyaga?"

"Nimemkanyaga."

"Haya, lawama tutagawana baadaye. Asikae, asisimame, asikunjwe. Akigeuzwa, ageuzwe mzima kama gogo, kichwa, mabega na kiuno kwa pamoja. Tafuteni ubao. Naita gari la wagonjwa."

Kashinje akaamuru mlango wa nyumba ung'olewe. Watu wanne wakamgeuza Luhaga kwa hesabu ya moja, mbili, tatu, wakamlaza chali juu ya mlango ule. Kanga mbili zilizokunjwa zikawekwa huku na huku kichwani asikigeuze. Luhaga akatazama mbingu.

"Umeninyang'anya mlango," akasema kwa sauti ndogo. "Leo fisi watalala kwako."

"Nyamaza," Kashinje akamwambia.

Hospitalini Bariadi, daktari aliwaonyesha picha ya mifupa. "Uti wa mgongo wa binadamu una pingili thelathini na tatu," alisema. "Saba za shingo, kumi na mbili za kifua zinazoshika mbavu, tano za kiuno zinazobeba uzito. Chini yake tano zimeungana zikawa mfupa mmoja, na nne ndogo za mwisho ndizo kifandugu. Kati ya pingili na pingili kuna kimto cha kuzuia mfupa usisage mfupa. Na katikati ya matundu haya inapita mishipa ya fahamu inayotoka kwenye ubongo. Hii hapa ni ya kwanza ya kiuno. Imepasuka, kipande kimerudi nyuma."

"Kamba imekatika?" Kashinje akauliza.

Daktari akamtazama vizuri. "Imebanwa. Iliyobanwa tunaweza kuiokoa. Ikikatika, hatuna la kufanya. Muuguzi wenu ametuambia alikanyagwa. Nani alimsimamia mgongoni?"

Mboje akatazama sakafu.

"Mimi," Kashinje akasema. "Kwa miguu hii."

"Nani aliyekwambia ushuke?"

"Hakuna. Nilishuka mwenyewe."

"Basi kama ana bahati ya kusimama tena, ilianzia hapo. Ungemaliza hizo mara tatu, tungekuwa tunaongea mengine."

Luhaga alipelekwa Mwanza, akafungwa vyuma mgongoni. Siku ya tisa kidole gumba cha mguu wa kulia kilicheza, na Kashinje akakitazama kama mtu anayetazama mvua ya kwanza. Oktoba walirudi nyumbani. Desemba, akiwa na magongo mawili, Luhaga alitoka kitandani hadi mlangoni, ule ule mlango wake. Leo anatembea kwa fimbo moja. Mguu wa kushoto anauburuta, na gunia hatabeba tena maisha yake yote. Anaimba bado, na vibaya vile vile.

Msimu wa palizi uliofuata, Mboje alikuja asubuhi amejishika kiuno. Akajilaza kifudifudi mlangoni, kama zamani.

"Nipitie kidogo, shemeji. Wiki ya tatu hii, na mguu mmoja una ganzi."

Kashinje alikuwa akifunga kanga.

"Inuka polepole, anzia ubavuni," akamwambia. "Benedikta anafungua saa mbili. Miguu yangu ipo tayari, nitakusindikiza nayo."

FUNZO

Akina baba na akina mama, mgongo si kamba ya nguo kwamba ukilegea unaunyoosha. Ni mifupa iliyobeba njia ya uhai wa miguu yako. Aliyeanguka kutoka juu asikunjwe, asikalishwe, asibebwe kwa pikipiki wala kukanyagwa. Mlazeni kwenye ubao, mgeuzeni mzima, mwiteni mtaalamu. Na maumivu ya mgongo yanayozidi wiki kadhaa, au yanayokuja na ganzi, mguu kulegea au mkojo kukataa, hayo ni ya hospitali siku hiyo hiyo. Kamba za magunia zifungwe, na mtu asikae juu ya mzigo. Desturi zetu nyingi ni njema, tuzishike. Ila pale desturi inapotuma mguu juu ya mfupa uliovunjika, kuwa na ushujaa wa Kashinje: shuka, hata kama kijiji kizima kinakutazama.