Upande wa Wasiozamia

Siku ya kukumbuka wazee wetu walivyoingia kwa boti kutoka ng'ambo, mji mzima wa Dangriga hukesha na ngoma, na kukipambazuka kila mwenye miguu huwa ameshafika mtoni. Crispina Lambey alikuwa amebanwa ukingoni kabisa, kavaa gauni la mirabaraba ya njano na nyeupe alilozawadiwa na shangazi yake, kilemba cha kitambaa hichohicho, na viatu vipya vilivyokwisha kuanza kumuuma. Boti ziliingia kutoka baharini zimepambwa makuti na miche ya muhogo, watu wakiimba, akina mama wakifuta machozi. Kijana mmoja hakuwa na subira ya kungoja boti ifungwe. Aliruka, akatua kwenye maji ya magoti, na gauni la Crispina likalowa kuanzia kiunoni kushuka chini.

"We kaka! Macho umeyaacha baharini?"

"Nisamehe, dada. Nilikuwa nakimbilia nchi kavu kama babu zetu."

"Babu zetu walikuwa na adabu. Hawakuoga na nguo za watu."

"Una uhakika? Ulikuwepo?"

Crispina alitaka kukasirika, ila mdomo ulimsaliti, akacheka. Alikuwa kijana mrefu, kifua wazi, kitambaa cheusi kimefungwa kichwani. Usoni, kuzunguka macho mpaka puani, ngozi yake ilikuwa imepauka kwa umbo la ajabu.

"Na hiyo alama? Ulilalia sufuria?"

"Barakoa hiyo, bibie. Mimi mzamiaji. Nawashusha wageni kule kwenye matumbawe, kisiwani kwa Mista Usher. Evaristo Zuniga. Marafiki wananiita Varo."

"Kwa Mista Usher?" Crispina alikamua pindo la gauni, akamwangalia juu mpaka chini. "Basi utanikoma. Nimeajiriwa hukohuko, naanza wiki ijayo."

Kisiwa cha Mista Usher ni kipande cha mchanga na minazi, kimekaa ukingoni mwa pete kubwa ya matumbawe, mbali na nchi kavu kiasi kwamba bahari ikichafuka mtu anabaki huko na shida zake. Kwenye ukumbi wa chakula kulikuwa na ubao mweusi uliogawanywa kwa mstari wa chaki. Kushoto Wazamiaji, kulia Wasiozamia. Kila asubuhi Evaristo aliandika kushoto mahali atakapowashusha watu wake. Crispina aliandika kulia kazi za wale waliobaki juu: kayaki, kuvua kwa mshipi, kuelea kwenye maji mafupi na mrija mdomoni, kupika hudut ya ndizi za kuponda na samaki wa tui, na jioni mbio za kaa wanaobeba makombe.

"Upande wako ni wa watoto na mabibi," Evaristo alimchokoza, chaki mkononi.

"Na wako ni wa watu waliochoka kuishi."

"Njoo siku moja nikushushe, roho yangu. Kuna ukuta pale unaanza kwenye maji ya kiuno halafu unakwenda chini mpaka macho yanagoma. Ukining'inia pale unasahau hata jina lako."

"Jina langu nalipenda. Nitabaki nalo juu."

Mapenzi yakawakolea. Zamu ya mmoja ya kupumzika mjini ilipofika, simu haikupoa, na kwa kuwa mtandao ulishika vizuri mwisho wa gati tu, wageni walizoea kumwona Crispina amesimama huko peke yake akicheka na bahari.

"Umekula?" Evaristo aliuliza siku moja kutoka Dangriga.

"Nimekula. Wewe?"

"Mama ananilisha kama nguruwe wa Krismasi. Anasema nimekonda kwa ajili yako."

"Mwambie umekonda kwa ajili ya umbea."

"Pina."

"Nini?"

"Basi tu. Nataka kulisikia jina lako ulilokataa kulisahau."

Krismasi alimvisha pete nyembamba ya fedha, na harusi ikapangwa baada ya Pasaka. Crispina aliweka sharti moja. Baba yake alikunywa mpaka pombe ikamwua, na utoto wake wote yeye ndiye aliyetumwa na mama yake mlangoni kumnusa baba kabla hajaruhusiwa kuingia. "Siku nitakayokunusa wewe, Varo, pete yako utaichukua. Sitauliza swali." Evaristo alikubali bila shida, maana hata bia hakuwa anaipenda. Kitu ambacho hakumwambia ni kwamba msimu uliopita, kabla hawajajuana, alipanda juu haraka mno kutoka chini, mapovu ya hewa yakamwingia kwenye damu, bega likafa ganzi siku nzima. Daktari alimtibu, akamwonya waziwazi: ikitokea tena, usizamie maisha yako yote. Hilo Evaristo alilimeza peke yake, akaamini limekwisha.

Siku ya balaa ilikuwa shwari, bahari kama imepigwa pasi. Evaristo alikuwa chini na wageni wake kwenye ukuta, mara ya pili asubuhi hiyo, pale mmoja wao alipomwona kasa akashuka kumfuata, akashuka tu, hana habari na kina. Evaristo alimfuata mpaka kwenye giza, akamdaka kwenye mkanda, na yule mtu akaingiwa na hofu, akaanza kupiga mateke kuelekea juu. Wakapanda wote wawili, kasi ambayo haifai. Juu, mgeni alikohoa, akatapika, akapona, akamkumbatia mwokozi wake. Evaristo alicheka naye. Alipopanda ngazi ya boti, miguu yake ilikuwa inamtekenya.

Kisiwani wenzake walimpongeza, mgeni akafungua chupa ya ramu kwa furaha, na Evaristo hakuigusa. Alikwenda chumbani kwake, akatoa chini ya kitanda gifiti ya mama yake, ramu iliyolowekwa mizizi na magome, ambayo kwetu kila nyumba inayo kwa ajili ya viungo. Alikunywa kikombe, kisha kingine, maana maumivu ya mgongo yalikuwa yanapanda. Halafu akaondoka kumtafuta Crispina, hajui hata atamwambia nini.

Crispina alikuwa jikoni na wageni wake. Mama mmoja wa makamo alikuwa ameshika mchi, anaponda ndizi kwenye kinu, wengine wanacheka. Evaristo alitokea mlangoni, akapiga hatua, goti likakunjika, akaangukia meza. Sufuria ya tui lenye samaki ikapinduka sakafuni. Mama mgeni alipiga kelele. Crispina aliinama kumwinua, na harufu ikampiga.

"Varo." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Umelewa?"

Nyuma yao, Mista Usher alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Evaristo alimtazama Crispina, akamtazama tajiri wake. Mlevi kwenye kisiwa kile hurudishwa mjini wiki moja, anatukanwa, kisha anapewa boti yake. Mzamiaji aliyeingiwa na hewa kwenye damu hapewi tena. Hakuwaza zaidi ya hapo, na tusimhukumu kwa haraka, maana bahari ndiyo kitu pekee alichowahi kukijua vizuri.

"Ndiyo," alisema. "Nimelewa."

Crispina alivua pete mbele ya wageni wote, akamtia kiganjani, akamkunja vidole.

"Amepanda haraka leo yule kijana," Mista Usher alimwambia Crispina polepole nje ya mlango, walipokwisha kumlaza chumbani kwake. "Sijui nimwekee oksijeni kidogo?"

"Oksijeni ya nini, Mista Usher? Nimemnusa. Mlevi namjua tangu sijaota meno ya ukubwani. Mwache alale."

Mista Usher aliitikia kwa kichwa, akamwamini. Nani asingemwamini?

Mchana Crispina alikwenda gatini kuwaandaa wageni wake wa kayaki. Simu ikaita. Alitaka kuikata, akapokea.

"Pina, njoo kidogo."

"Lala."

"Miguu inaungua. Halafu siisikii. Vyote viwili."

"Hata baba alikuwa na miguu inayoungua. Kila mara aliponiona nimenuna."

"Pina, mama, nisikilize..."

"Nimekusikiliza jikoni, Varo. Mbele za watu." Akakata, akazima kabisa, akaingia kwenye kayaki na akapiga makasia kwa hasira hadi wageni wakashindwa kumfuata.

Jua lilikuwa limeshuka waliporudi. Kutoka mbali Crispina aliona kitu kimelala katikati ya gati, akadhani ni gunia. Alipokaribia aliona ni mtu anayejikokota kwa viwiko, amevaa mtungi wa hewa mgongoni, miguu inaburuzwa nyuma yake. Viwiko vilikuwa vimechubuka, vinatoka damu.

"Varo! Unafanya nini?"

"Nisukume majini." Alikuwa analia. "Nikirudi chini nitapona. Wazamiaji wa zamani wa kamba-koche, ikiwapata, walikuwa wanashuka tena, inaisha. Nisukume tu, Pina, miguu haitaki."

"Ikiwapata nini?"

Akamwambia. Alimwambia yote, na bega la msimu uliopita, na gifiti ilikuwa ya nini. Crispina alipiga magoti kwenye mbao. Aliishika miguu yake, akaiminya, akaifinya kwa kucha, na Evaristo hakujua kuwa ameguswa. Ndipo Crispina alipopiga ukelele ambao ulimtoa Mista Usher ukumbini na uma mkononi.

Walimpakia kwenye boti ya injini mbili, oksijeni usoni, safari ya kwenda kwenye tangi la chuma ambamo wazamiaji huwekwa ili hewa ile iwatoke. Njia ni ndefu, na upepo ulikuwa umeamka. Crispina alikaa sakafuni, kichwa cha Evaristo mapajani, akamkinga maji kwa kitambaa cha meza ya jikoni.

"Mista Usher alitaka kukuwekea hii mchana," alimwambia sikioni. "Mimi ndiye niliyemkataza. Nilisema ni pombe."

Evaristo alifumba macho. Akageuzia uso ubavuni mwa boti.

Walimweka kwenye tangi lile siku baada ya siku. Mikono ilipata nguvu, mgongo ukatulia, miguu ikabaki vilevile. Daktari hakumlaumu mtu. Alisema tu kwamba saa za mwanzo ndizo zenye faida, kisha akaomba radhi akaenda kwa mgonjwa mwingine. Kuanzia siku hiyo Evaristo hakutaka kumwona Crispina. Pasaka ikapita. Crispina alipopiga simu, alipokea mama yake Evaristo, Mama Felipa.

"Yupo, mwanangu. Amelala kaelekea ukutani."

"Mwambie nimepiga, Mama."

"Namwambia kila siku. Anasema uolewe na mwingine."

Crispina alivumilia mpaka mvua zikaisha, kisha akapanda boti, akashuka Dangriga, akaenda mpaka kwenye nyumba ya Mama Felipa bila kubisha. Evaristo alikuwa kwenye kiti cha magurudumu dirishani, amenenepa usoni, shati halijafungwa vifungo. Ile alama ya barakoa ilikuwa imefutika kabisa. Hilo ndilo lililomliza Crispina, kuliko hata miguu.

"Umekuja kuniomba msamaha?" Evaristo aliuliza.

"Ndiyo. Na wewe uniombe."

"Mimi?"

"Wewe! Uliniangalia machoni ukasema umelewa. Uliona heri nikuchukie kuliko usizamie. Nimebeba miguu yako peke yangu miezi yote hii, Varo. Nusu ni yako. Ichukue."

Mama Felipa, aliyekuwa jikoni akikwangua nazi, aliacha kukwangua. Evaristo alianza kufunga vifungo vya shati.

"Niliogopa," alisema hatimaye. "Niliona bora nikupoteze wiki moja kuliko kuipoteza bahari. Nilijua nitakurudisha."

"Na mimi nilijua pua yangu haikosei." Alijifuta uso kwa kiganja. "Kesho boti inarudi. Nimeshakuandika ubaoni."

"Kushoto hakuna tena jina langu, Pina."

"Nani kasema kushoto?"

Kesho yake, kisiwani, walimbeba kushuka gatini, Mista Usher mwenyewe akimshika magoti. Ukumbini, chini ya Wasiozamia, palikuwa na mwandiko wa Crispina: kayaki, asubuhi, Evaristo Zuniga. Evaristo aliusoma, akageuza uso, na watu waliokuwa wanakunywa chai wakajifanya hawaoni.

Crispina alimfunga kwenye kayaki kwa mikanda, akafunga kamba kutoka kayaki hiyo mpaka ya kwake mwenyewe, wakaenda taratibu hadi pale maji ya kijani yanapokatika na weusi wa bluu unapoanza. Chini yao wazamiaji walikuwa ukutani, wakiongozwa na mtu mwingine. Mapovu yao yalipanda, yakapasuka juu ya maji kuzunguka kayaki mbili. Evaristo alitia mkono majini, yakampasukia kiganjani. Alilia kwa sauti, bila aibu, na Crispina hakumwambia anyamaze.

"Ukinionea huruma nitajua," alisema baadaye.

"Sikuonei huruma. Bado nina hasira na wewe. Nataka nikae nayo karibu nawe."

Evaristo alitoa mkono majini, akapapasa mfukoni mwa shati, akatoa ile pete ya fedha. Vidole vilikuwa vimelowa, na chini yao kulikuwa na kina kisichorudisha kitu.

"Lete mkono haraka, kabla sijaiangusha. Siwezi kuifuata."

Akamvisha. Mawimbi yalianza kuinuka, Crispina akageuza kayaki yake kuelekea kisiwani, akajiandaa kumvuta. Kamba haikukaza. Alipotazama nyuma, Evaristo alikuwa ameshika kasia, miguu yake imelala mbele yake bila habari, mabega yanafanya kazi, anakuja kwa nguvu kuliko mgeni yeyote aliyewahi kupita upande wake.