Mla Kwale na Ngao Hamsini

Zamani zile, kabla bunduki hazijapanda milimani, watu wa Kwemhanga walijivunia ngao zao za ngozi ya nyati, na walijivunia zaidi kwamba hakuna adui aliyepata kuwaona wamelala. Sheria yao ilikuwa fupi na kali. Askari aliyelala chini mbele ya adui alivunjiwa ngao hadharani, mkewe akiangalia, kisha akafukuzwa nchini. Kwa sababu hiyo waliiharamisha nyama ya kwale wa msituni. Walisema ni ndege mwoga, akiona hatari hujibanza chini, na amlaye hurithi magoti yake. Lakini manyoya yake waliyavaa kichwani siku za ngoma, wala hawakuona haya.

Shemahonge alikuwa mtega kwale, na alimla. Askari wakinywa pombe, kibuyu chake kiliwekwa peke yake kama cha mwenye ukoma. Miaka arobaini alitambaa msituni na matanzi yake ya kamba za mgomba, akamjua ndege yule kuliko alivyowajua majirani zake. Alijua kwamba kwale huita alfajiri, dume na jike wakipokezana, kisha hushuka kuchakura majani makavu akitafuta mende na mbegu. Alijua kwamba mabawa yake ni mafupi, hayamfikishi mbali, hivyo tegemeo lake ni rangi ya mgongo wake, ambayo ni rangi ya majani yaliyooza. Jike akiwa juu ya mayai, kicheche hupita karibu naye asitikisike. Husubiri mpaka mguu uwe juu yake kabisa, ndipo hulipuka usoni kwa kishindo ambacho humfanya hata chui aruke nyuma. Anayeruka mapema ndiye anayeliwa. Watu wa Kwemhanga waliuita huo woga, na mimi nasema walikuwa wajinga.

Mwaka wa ukame mkubwa, wavamizi wa tambarare walilizingira boma la Zumbe, mtawala wa Kwemhanga. Ndani ya boma alikuwamo Mnkande, binti wa pekee wa Shemahonge, mwenye mimba ya miezi minane. Nje walibaki askari hamsini tu waliokuwa wakilinda mpaka, chini ya jemadari Mdoe. Asubuhi moja Shemahonge aliwafikia akihema.

"Jemadari, watu mia mbili wapya wanapanda kwa njia ya msituni. Wamebeba magogo ya kuvunjia lango. Wakifika bomani, mwanangu amekwisha, na wote waliomo wamekwisha."

"Tutawangoja kwenye uwazi, ngao kwa ngao," alisema Mdoe.

"Hamsini kwa mia mbili? Watawamaliza kabla jua halijapanda. Laleni kwenye majani, Jemadari, kando ya njia. Waacheni wapite mpaka nusu yao. Hapo ndipo…"

Hakumaliza. Mdoe alimpiga mdomoni kwa mpini wa mkuki. "Mla kwale wee! Unanifundisha kulala? Baba yangu alikufa amesimama!"

"Ndiyo, na waliomwua wapo hai," alijibu Shemahonge huku akitema damu.

Mdoe aliinua mkuki tena, safari hii kwa ncha. Wakati huo huo kwale waliokuwa wakiitana bondeni walinyamaza, wote, kwa mara moja. Shemahonge alisema kwamba adui amefika pale, wala hapana muda wa kufika kwenye uwazi. Askari walitazamana. Kisha Mdoe, jemadari wa Kwemhanga, mwana wa aliyekufa amesimama, alipiga magoti, akalala kifudifudi, akajifukia majani.

"Atakayelisema hili," alinong'ona, "nitamkata ulimi."

Wengine nao wakalala. Mwingine angesema ulikuwa ujasiri mpya. Mimi naona Mdoe aliogopa tu, na ule woga wake ulikuwa na faida kuliko majigambo yake yote.

Adui walikuja mmoja mmoja, kaniki zimefungwa viunoni, magogo mabegani. Mmoja wao alimkanyaga askari vidole vikavunjika, na askari yule hakutoa hata pumzi. Walipopita nusu, Shemahonge alipiga ukelele, na ngao hamsini zikachomoka ardhini chini ya miguu yao. Wavamizi hawakupata hata nafasi ya kutua magogo. Wa nyuma waliwasukuma wa mbele korongoni, na waliosalia wakakimbia hovyo. Wenzao waliolizingira boma, walipowaona wanakuja bila silaha, walirudi nyuma mpaka ukingo wa mlima wa pili. Hawakuondoka. Walikaa pale, wakawasha mioto yao, wakingoja.

Askari wakaingia bomani kwa vigelegele. Lakini miongoni mwa mateka alikuwapo mmoja mwenye jeraha la paja na ulimi mkali. Aliposukumwa mbele ya Zumbe, alicheka.

"Mnashangilia nini? Tumeshindwa na watu waliolala kwenye majani kama kuku wanaotaga!"

Vigelegele vikakatika. Zumbe hakuwa mtu wa mzaha. Alikwisha kuvunja ngao ya ndugu yake tumbo moja kwa kosa hilo. Aliwatazama askari hamsini, na hakuna aliyeinua macho.

"Mwenye ngao hajitolei ushahidi," alisema. "Mtega kwale, wewe huna ngao. Ulikuwapo. Walisimama au walilala?"

Shemahonge alimwona Mnkande kati ya wanawake, mikono tumboni, amekonda mpaka mifupa ya shingo inaonekana. Juu ya ukuta aliuona moshi wa mioto ya adui. Akiisema kweli, ngao hamsini zitavunjwa leo, na kesho nani atasimama langoni? Alimtazama pia Mdoe, akaionja damu iliyomgandia mdomoni, na alimchukia kwa moyo wake wote.

"Walisimama, Zumbe," alisema. "Aliyelala ni mimi. Huyu alinikanyaga mimi, akadhani ni wote."

"Mwongo! Walikuwa…" mateka alipaza sauti, lakini Mdoe alimchoma mkuki kabla hajamaliza.

Zumbe aliamuru mitego ya Shemahonge ivunjwe na mwenyewe atolewe nchini kabla ya jua kutua. Mdoe ndiye aliyeivunja, kwa nguvu nyingi, bila kumtazama.

Mnkande alisogea mbele. "Baba, ni kweli ulilala?"

"Nililala, mwanangu."

Mnkande alivuta kaniki yake akajifunika uso, akampa mgongo. Shemahonge alitoka langoni peke yake, na hakuna aliyempa hata maji.

Zile ngao hamsini zililinda boma miezi mitatu, mpaka mvua ziliponyesha na wavamizi wakarudi kwao. Jemadari aliimbiwa nyimbo ambazo wajukuu wa wajukuu walizijua. Mla kwale hakutajwa, wala haijulikani alizikwa wapi. Mnkande alijifungua salama mtoto wa kiume, mwenye afya, akamwita Mdoe.