Aliyeitika Nyuma ya Pazia

Magharibi hiyo Sista Chapuchapu alitumwa maabara kuchukua mfuko mmoja wa damu. Mmoja tu, jamani, wa kundi gumu kupatikana! Mwenyewe aliyeutoa, dereva wa lori mwenye kifua kipana, alikuwa ameketi kwenye benchi la nje ya wodi, pamba bado kaibana kwenye kiwiko. Alisubiri damu yake imwingie mamake, fundi wa kushona ambaye wodi nzima ilimwita Mama Cherehani. Ugonjwa wake ulikuwa wa damu kujila yenyewe. Daktari alishasema, bila mfuko ule hafiki asubuhi.

"Sista, usiniangushe."

"Ondoa shaka, kaka yangu. Mimi tena!"

Jina la Chapuchapu hakulipata bure. Alikuwa na mikono myepesi na masikio mazito. Wakati wa kupokea zamu, mwenzake alimweleza habari za kila kitanda, naye akawa anachekea simu. "Eeh. Sawa. Eeh." Hakutia hata neno maanani.

Aliporudi na mfuko, taa ya kona alikolazwa Mama Cherehani ilikuwa imeungua. Pazia lilikuwa limevutwa, na nyuma yake kulikuwa na harufu ya sarafu zilizoshikwa na jasho. Kanuni aliijua vizuri: msogelee mgonjwa, ataje jina mwenyewe, soma utepe wake, mwite mwenzako athibitishe. Yeye akaita tu, akiwa nje ya pazia.

"Mama Cherehani?"

"Abee."

Sauti laini, yenye adabu. Mkono ukatoka penye pazia, sindano ya dripu imo tayari. Ulikuwa wa baridi sana, lakini mtu asiye na damu atapata wapi joto? Akaunganisha mpira, akafungulia. Ilimpasa akae naye mwanzoni, asije akatetemeka au kuvimba. Akaenda kumalizia chai yake.

Hata kikombe hakijafika mdomoni, akasikia.

Fyooo... fyooo...

Kama mtoto anayemaliza juisi kwa mrija.

Alirudi mbio. Mfuko ambao huchukua saa kadhaa kuisha ulikuwa umenywea, pande zake zimegandana. Akafunua pazia.

Mama Cherehani alikuwa kalala, midomo imempauka, macho wazi. Sindano yake ilikuwa imezibwa kwa plasta vilevile kama zamu ya mchana ilivyoiacha. Mpira wa damu ulining'inia upande wa ukutani. Huko hakuna kitanda. Hata mtu mwembamba hapenyi.

"Mama... nani ameitika?"

Mama akagusa koo lake, akatikisa kichwa. Hapo maneno ya mwenzake yakamrudia yote. *Yule wa kona hana sauti tangu aletwe. Na pale usiite jina ukiwa nje ya pazia. Usiniulize kwa nini.*

Aibu ikamvaa mwili mzima. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Imeingia?" Dereva alikuwa amesimama nyuma yake.

Hapo ndipo angesema. Bado palikuwa na muda wa kumpigia daktari, watafute damu kwingine.

"Imeingia, kaka."

Dereva akainama kitandani. "Mama, unanisikia?"

"Abee."

Midomo ya mama haikucheza. Lakini mwanawe alikuwa kaficha uso kwenye shuka, analia kwa furaha. "Amesema! Sista, mama amesema!" Akambusu sista mikono yote miwili, ile ile mikono myepesi. Mama akamshika mwanawe shati, akawa anatikisa kichwa, machozi yanamtiririka.

"Bado kidogo, mwanangu..." sauti ikanong'ona kutoka ukutani.

Dereva akakunja shati mkono wa pili. "Nitoeni nyingine, sista. Hata yote."

Sista akafungua mdomo. Mama alikuwa anamtazama yeye sasa. Aseme nini? Kwamba alikwenda kunywa chai?

Akaangalia chini.

"Twende maabara, kaka."

Alitembea polepole, yeye Chapuchapu. Nyuma yao mama alikuwa anapiga kitanda kwa kiganja, pa, pa, pa, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kumwitia mwanawe.