Mmea wa Gofuni

Vumbi la hamatani, upepo mkavu wa jangwani, lilikuwa limeufanya mji mzima wa Zaria uwe na rangi ya unga wa mtama, lakini majani ya mmea wa Saudatu yalimeremeta kama yamepakwa mafuta. Hilo ndilo lililomtia wasiwasi mwanzo.

Aliutafuta mwenyewe. Jirani alikuwa amejenga ghorofa, madirisha yote yakachungulia uani kwake, na yeye ni mke wa kukaa ndani kwa stara.

"Nataka kitu kipande ukuta, kisipukutishe majani hata kiangazi," alimwambia Tanko, muuza miche.

Tanko akamwonyesha bogenvilia. Akaikataa kwa miiba yake. Akamwonyesha asmini, Saudatu akasema inaita nyoka. Kisha kidole chake kikaelekea kwenye kopo la rangi lenye mche, lililotengwa kando.

"Huo siuzi, Hajiya. Niliung'oa kwenye gofu lililobomolewa. Hata jina lake silijui."

"Wewe unauza miche au unailinda? Nipe bwana!"

Wiki tatu tu, kuta zote nne zikafunikwa. Saudatu alifurahi, mpaka alipoona majani hayashiki vumbi; kisha ikaanza harufu ya kafuri na udongo mbichi. Halafu sauti. Kila adhuhuri, mumewe Zubairu akiwa kibandani kwake anadarizi kofia, majani yalivuta pumzi.

"Mmea unahema," alimnong'oneza mumewe.

"Upepo huo, mama."

"Nikibana pumzi, nao unabana. Upepo gani huo?"

Zubairu aliinuka. Alichukua panga, akafyeka matawi yaliyokuwa yameanza kushika mlango wa nje.

Kesho yake, Saudatu alikuwa anakoroga miyan kuka, mchuzi wa majani ya mbuyu, jikoni alipoona mwanga umegeuka kijani. Akatoka uani. Mlango haukuwepo. Akapapasa pale ulipokuwa, akapenyeza mkono mpaka begani bila kugusa ubao wala tofali, majani tu na majani, baridi, yakimkunja vidole kimoja kimoja kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu, na alipouchomoa mkono na kuinua macho akaona matawi ya kuta nne yamekutana juu ya kichwa chake na yanashonana taratibu, tundu la mwisho la mbingu likijifumba huku akipiga kelele na sauti yake ikiishia hapohapo kinywani, kama imemezwa.

Zubairu alirudi kula, akakuta kichaka mahali pa mlango. Alikimbia kumleta Malam Ladan, mzee wa kusomea watu. Malam akaketi barabarani, akasoma mpaka jasho likalowesha kanzu. Mwisho akauliza kwa upole, "Nani mwenzetu?"

Kinywa cha Saudatu kikajibu kutoka ndani, kwa sauti nzito isiyo yake. "Mwenye ukuta. Wangu mliubomoa. Huyu kaniingiza kwake kwa mikono yake miwili."

"Chukua kuta hizi. Mwachie mwanamke."

Majani yakavuta pumzi, yakatoa. "Atakuja kunisalimu. Kila Ijumaa. Na maziwa."

"Atakuja," alisema Malam, naye Zubairu akaitikia huku analia.

Matawi yakaachana kidogo. Saudatu akatoka kwa kutambaa, nguo zimechanika, nywele zimejaa udongo. Hawakurudi ndani hata kuchukua sufuria.

Sasa wanaishi kwa mama yake Zubairu. Nyumba imekuwa kilima cha kijani, na kila Ijumaa Saudatu huenda na kibuyu cha maziwa, akamimina kwenye shina, akatoa salamu. Akimaliza, majani hufunguka, na huwepo uwazi wenye urefu wake na upana wa mabega yake. Yeye hugeuka na kuondoka haraka.

Mwanzoni alisimama hatua saba kutoka kwenye uwazi ule. Ijumaa iliyopita alisimama palepale pa siku zote, na zilibaki hatua mbili.