Kikombe cha Bata

Kila asubuhi Mbio alimpeleka mdogo wake shule ya awali kwa mwendo wa konokono. Mbio ni jina la utani, maana msichana huyo wa darasa la sita hatembei kama anaweza kukimbia. Mdogo wake wa miaka minne, tumbo mbele, alisalimia kila mbuzi njiani na kungoja aitikiwe.

"Umshike mkono mpaka umkabidhi kwa mwalimu," Mama alisema kila alipotoka kwenda kufua mashuka hospitalini.

Shule yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya karakana. Haikuwa na ada, kwa hiyo wenye kipato kidogo waliigombania. Nafasi zilikuwa ishirini na tano. Majina ya wanaongoja yalijaza karatasi mbili mlangoni. Mtoto akikosa siku tatu bila taarifa, nafasi anapewa mwingine. Na kwa kuwa wadogo hawa hawajui kusoma, kila mmoja alikuwa na kikombe chenye picha. Akifika, anakitundika kwenye msumari wake. Saa tatu mwalimu anahesabu vikombe, uji unamiminwa.

Sasa, mdogo wake alikuwa amekosa siku mbili kwa kikohozi. Mbio alitumwa kutoa taarifa, akasahau. Leo ilikuwa siku ya tatu, na leo hiyohiyo walikuwa wanachaguliwa wakimbiaji wa shule ya Mbio.

Penye kona alimwona fundi viatu.

"Mjomba, nishikie huyu kidogo tu!"

"Kidogo chako nakijua, kina urefu wa wiki nzima," fundi akanung'unika, lakini Mbio alikwisha potea na kikombe cha bata mkononi. Alipenyeza mkono dirishani, akakitundika, akashika njia ya uwanjani. Nafasi imepona, alijisemea. Mtoto atafuata baadaye.

Alikuwa ameinama mstarini, filimbi i mdomoni mwa mwalimu wa michezo, mpishi wa uji alipoingia uwanjani akikimbia. Mpishi huyo hata kwenda bombani hutaka asukumwe!

"Nani kamwona mtoto wa kikombe cha bata?" alihema. "Vikombe ishirini na tano, watoto ishirini na wanne! Wanamwaga pipa la maji, wanadhani katumbukia. Mama yake kaitwa!"

Mbio akainuka mstarini. Hakuna aliyejua nani alikitundika kikombe. Angeweza kunyamaza, akakimbia kwanza.

"Ni mimi," alisema. "Nilitundika kikombe, yeye nikamwacha kwa fundi viatu."

Yeye na mpishi walipofika penye kona, fundi alikuwa anachungulia chini ya benchi lake.

"Nilimpa kiatu achezee, nikainama kuokota uzi. Kuinuka, kiatu kipo, mtoto hayupo!"

Malori yalikuwa yakipita yakitimua vumbi. Mama naye akatokea, povu la sabuni mpaka viwikoni, kiatu mguu mmoja tu. Mbio alikimbia kuliko siku zote, akiita, akiinamia kila mtaro, mpaka mlangoni mwa shule ya awali.

Chini ya msumari alisimama mtu mfupi, mikono kiunoni.

"Nani kagusa kikombe changu?"

Alikuwa amekuja peke yake, polepole, baada ya kuwasalimia mbuzi wote.

Mama alikaa sakafuni, akamkumbatia, akalia. Mbio akaeleza yote, hata taarifa aliyoisahau.

Mwalimu alikitungua kikombe, akamkabidhi Mbio.

"Kishike. Kina kikohozi?"

"Hapana, Mwalimu."

"Kinajua kuvuka barabara?"

"Hapana."

"Basi mimi sifundishi vikombe, mwanangu. Ungemleta hata saa nne, ukaniambia ukweli, ningempokea. Uongo wako ulitufanya tumtafute kwenye pipa wakati yuko kati ya malori. Nafasi yake ipo. Ila kuanzia kesho, utamkabidhi mkononi mwangu."

Kesho yake ndipo wakimbiaji walipochaguliwa, maana jana filimbi haikulia. Mbio alifika uwanjani wamekwisha chaguliwa. Njiani kulikuwa na mbuzi saba, na wote walisalimiwa.