Injini Waliyoiita Nzaa

Mutanu, mkewe Kitonga, ni jirani yetu hapa Katelembo, na si mtu wa maneno mengi. Kisa hiki humsimulia mtu mara moja tu. Ukimwomba arudie, anakukaribisha chai na kukuuliza habari za ng'ombe wako.

Jumanne hiyo asubuhi alikuwa uani akipepeta mbaazi, redio ikisoma matangazo ya vifo kwa Kikamba, simu ilipolia. Alikuwa Kiema, mtoto wa kaka yake, fundi wa kukata vyuma.

"Shangazi, habari ya huko? Tumepewa injini ya treni tukate, huku upande wa Konza. Iko na namba themanini na saba kumi na nne." Akashusha sauti. "Si ndio ile ya mzee Kitonga?"

Ungo ulimtoka Mutanu mikononi.

Injini hiyo ya dizeli ilishushwa bandarini Mombasa mwaka wa sabini na nane, ikiwa mpya, inang'aa. Mwezi haukuisha kabla haijambana kibarua mmoja katikati ya mabehewa. Miaka michache baadaye ikagonga lori la harusi kwenye kivuko cha reli. Kisha ikashika moto njiani na kumuunguza dereva wake mikono yote miwili. Kila mara ilikokotwa karakana, ikanyooshwa, ikapakwa rangi, ikarudishwa kazini. Madereva Wakamba wakaiita Nzaa, yaani njaa, kwa sababu haikuwahi kushiba.

Kitonga ndiye aliyekuwa dereva wake wa mwisho. Mchana mmoja wa mvua kubwa, akivuta treni ya abiria kuelekea pwani, breki zilikataa kushika kwenye mteremko. Treni ikatumbukia mtoni pale daraja la Kwa Nzomo. Watu sitini na watatu walikufa, na wengine maji yaliwachukua wasionekane tena. Kitonga naye hakuonekana. Msaidizi wake, kijana aliyeitwa Mulwa, aliokotwa kando ya reli akiwa hai. Aliapa mbele ya wachunguzi kwamba dereva aliruka kwanza akatorokea porini, akawaacha watu wafe.

Mutanu alikuwa na mimba ya miezi sita. Tangu siku hiyo hakuwa mke wala mjane. Hakuna kaburi alilochimba. Sokoni wanawake walimpa kisogo, na binti yake Mwongeli alikua akiitwa mtoto wa mwoga.

Basi akafunga leso, akapanda bodaboda hadi Konza.

Alifika saa sita, jua likiwa utosini. Injini, iliyotolewa mtoni na kuachwa hapo tangu ajali, ilisimama peke yake kwenye reli ya pembeni, imekula kutu, nyasi zimeifika kiunoni. Wenzake Kiema walikuwa wameketi mbali, chakula chao hakijaguswa.

"Wamekataa kuingia kwa kibanda cha dereva," Kiema alinong'ona. "Wanasema kuna mtu."

"Nani?"

"Hawajamuona, shangazi. Wanamsikia akihema."

Mutanu akapanda ngazi.

Ndani palikuwa na vumbi, viti viwili vilivyoraruka, na madirisha yasiyo na vioo. Akaketi kiti cha msaidizi ili apumzishe miguu. Hakukuwa na upepo. Ndege hawakulia.

Mlango ukajifunga taratibu.

Akasikia harufu ya dizeli yenye moto, na tangi lilikuwa kavu miaka thelathini. Sakafu ikaanza kutetemeka chini ya kandambili zake. Akatazama nje. Miti ya miiba ilikuwa ikisogea. Polepole. Kisha haraka. Kisha ikawa mstari mmoja wa kijani, na mvua ikaanza kumpiga usoni.

Mbele yake alisimama mwanamume.

Alikuwa amempa mgongo, mikono yote miwili imeng'ang'ania mkono wa breki. Shati limelowa. Kola ilikuwa na kiraka alichokishona Mutanu mwenyewe kwa uzi wa buluu, kwa kukosa mweupe. Shingo ilikuwa ya kijana. Mutanu akatambua, na moyo ukamuuma, kwamba sasa angeweza kuwa mama yake.

Sauti ikapasuka pale pale alipoketi, kama inatoka kifuani mwake.

"Ruka, Kitonga! Mkeo ana mimba! Ruka!"

"Kuna watu nyuma," mwanamume akajibu.

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Kitu kizito kikampita Mutanu, kikatoka nje. Upepo ukalia. Mlango ukajifunga tena.

Daraja likaonekana mbele.

Nyuma, watoto walilia. Wengi. Kitonga hakuachia breki.

"Mutanu," akasema, bila kugeuka. "Shuka."

"Twende na wewe."

"Mimi imeshanishika. Shuka. Sasa hivi."

Chini ya sakafu kitu kilimeza mate.

Kiema alimkuta amelala nyasini, leso na nguo zimelowa chepechepe, jua likiwaka. "Ulikaa humo dakika moja tu, shangazi," alimwambia. "Na injini haikusonga hata kidogo."

Kesho yake Mutanu alikwenda Mitaboni. Mulwa sasa alikuwa mzee wa kanisa, mwenye heshima zake. Alimkuta barazani, mkewe Kamanthe akimimina chai.

"Karibu, Mama Mwongeli. Leo umetukumbuka," Mulwa alisema.

Mutanu hakuketi. "Mzee Mulwa, ni nani alisema, 'Mkeo ana mimba, ruka'?"

Chai ikammwagikia mzee mapajani, naye hakuihisi.

"Nani alikuambia maneno hayo?" akanong'ona. "Tulikuwa wawili tu."

"Kitonga hakuruka."

Mulwa alitazama chini. "Nilikuwa kijana. Waliniuliza nani aliacha breki, nikaogopa jela. Nikaona aliyekufa hafungwi."

"Sisi tuliobaki ndio tulifungwa," Mutanu alisema. "Jumapili utasema kanisani. Watu wote wasikie."

Na kweli alisema. Alisimama mbele ya madhabahu, akishikilia benchi, akasema yote bila kuficha. Kisha akina mama wale wale wa kisogo wakaja mmoja mmoja kumshika Mutanu mkono, na Mwongeli, mtu mzima mwenye watoto wake, akalia kama mtoto. Kufikia siku hiyo Nzaa ilikuwa imekwisha. Kiema na wenzake walikuwa wameikata vipande, na lori liliondoka navyo Jumamosi.

Mchana wa Jumapili hiyo hiyo Mulwa alikufa akiwa kitini kwake.

Alhamisi, Kamanthe alibisha hodi kwa Mutanu. Alikuwa na kitambaa kilichofungwa fundo.

"Sijakuja kwa ubaya," alisema. "Nimekosa mtu mwingine wa kuuliza. Huko mochari wameniuliza mzee alianguka kutoka kwa gari gani."

"Gari?"

"Mimi nilimwacha kwa kiti, nikaenda kuanua nguo. Sikukawia. Nikirudi amekufa, ameketi vile vile. Lakini magoti yalikuwa yamechubuka hadi mfupa. Na viganja. Hizi zilikuwa zimeingia ndani ya nyama."

Akafungua fundo. Zilianguka mezani kokoto nne nyeusi, zile zinazotandazwa chini ya reli, zinanuka dizeli. Na Mitaboni hakuna reli.

Mutanu alinyoosha kidole akagusa moja, akauondoa mkono upesi.

Siku nne zilikuwa zimepita. Ilikuwa bado ya moto.