Mtani wa Muhula Mfupi

Hebu niambie, wewe ungefanya nini msafara wa wapagazi ungepita sebuleni kwako, juu ya zulia ulilolifua jana?

Nyamizi alipandisha miguu kwenye kochi. Alijua kabisa kwamba wale watu ni nuru tupu. Walikuwa wakitokea ukutani, penye picha ya harusi ya binti yake Kabula, wanakatiza katikati ya meza, kisha wanapotelea upande wa jikoni. Lakini mizigo yao ilionekana mizito kweli, na miguu yao ilikuwa na vumbi jekundu la safari ndefu, hata mwenye nyumba akatamani kuinuka kuchukua ufagio.

Kifaa kilicholeta maajabu hayo kiliitwa kivulinuru. Kilikuwa kidude cheusi, si kikubwa kuliko kopo la mafuta ya kupaka, kimebandikwa darini. Kikiwashwa kilimwaga nuru chumba kizima na kujenga humo watu, mbuzi, mito na vichaka vya zamani. Chuo cha Mbali kilimpelekea kila mwanafunzi kivulinuru chake kwa ajili ya muhula mfupi, ule wa likizo ya Juni, unaobana masomo ya miezi mingi katika wiki chache kama mtu anayefunga sanduku kwa kulikalia.

Dodoma ya siku hizo ilikuwa na mapaa yanayokunywa jua, na minara mirefu ya matundu matundu inayokamua umande kutoka hewani. Nyamizi alikuwa fundi wa minara hiyo. Asubuhi alipanda kusafisha vichujio, koti limefungwa mpaka shingoni kwa sababu ya upepo wa kipupwe, na mchana alirudi nyumbani, akabandika chai ya tangawizi, akaingia darasani bila kuvua soksi.

Somo lenyewe lilikuwa Historia ya Njia za Misafara. Ndilo lililokuwa limebaki peke yake. Ujanani alisomea ualimu, akamaliza masomo yote isipokuwa historia, ndipo Kabula akazaliwa, ndipo kazi ya minara ikaja, na miaka ikapita huku akisema mwakani. Sasa chuo kilikuwa kimemwarifu kwamba alama zake za zamani zitafutwa muhula huu ukiisha. Akifaulu, anapata shahada. Akitolewa darasani, hakuna tena mwakani.

Mwalimu alikuwa akili-unde, jina lake Kumbu. Hakuwa na mwili, ila chuo kilimpa umbo la mzee mwembamba mwenye sweta, na sauti ya mtu aliyekula asali. Aliijua njia yote ya Tabora mpaka pwani, kisima kwa kisima. Wanafunzi wenzake Nyamizi aliwaona kama vichwa vidogo vilivyopangwa ukutani, kila mmoja peke yake nyumbani kwake, mmoja Kigoma, mmoja Lamu, mwingine huko kwenye kituo cha mwezini. Walikuwa na adabu kupita kiasi. Kila aliyefungua kinywa alianza kwa kusema anakubaliana na mwenzake aliyetangulia, na aliyefuata akakubaliana na huyo.

Adabu hiyo haikutoka hewani. Pembeni mwa dari, juu ya vichwa vya watu, ilikaa taa ndogo ya kijani iitwayo mlinzi-adabu. Zamani, mitandaoni, watu walitesana kwa maneno mpaka wengine wakaugua, ndipo mashine hiyo ikatengenezwa. Ilisikiliza kila neno. Ikisikia tusi, iligeuka nyekundu, na darasa likanyamaza. Kazi yake ilikuwa njema, na wengi iliwaokoa.

Siku ile ya msafara, mmoja wa wapagazi wa nuru alijikwaa kwenye mguu wa meza ya Nyamizi. Mwalimu Kumbu akauliza kama kuna mwenye la kusema. Kichwa kimoja cha mwisho, mzee wa kofia ya kitambaa ambaye tangu darasa lianze hajatoa neno, kikakohoa.

Alijitambulisha kuwa ni Pazi, wa Kisarawe, Mzaramo, mstaafu wa mitambo ya maji. Akasema kwa upole kwamba yeye haoni ajabu yule bwana kujikwaa, maana sura yake ni ya babu yake Nyamizi kabisa, na Wanyamwezi tangu hapo ukiwapa mzigo lazima wautafutie pa kuuangusha.

Tangu Nyamizi alipoondoka kwao Tabora, hakuna mtu aliyewahi kumwambia neno kama hilo. Akaweka kikombe chini.

"Mtumwa wangu," alimjibu, "wewe nyamaza. Babu zangu walitembea miezi. Babu zako walikaa pwani kivulini, wakingoja kuletewa, wanapiga ngoma. Na hicho kitambaa kichwani ni changu, kilianguka kwenye mzigo wetu. Kivue."

Pazi alicheka mpaka kofia ikamwangukia puani. Nyamizi akacheka. Halafu wote wawili wakaona kwamba hakuna mwingine anayecheka. Vichwa vyote ukutani vilikuwa vimeduwaa, na ile taa darini ilikuwa nyekundu kama kaa la moto.

Picha ya Pazi ikazimika hapohapo.

Mlinzi-adabu hakuwa na hasira, kwani mashine haina hasira. Alieleza tu, kwa sauti ya kawaida, kwamba mwanafunzi Nyamizi amemwita mwenzake mtumwa, katika somo linalohusu njia walizopitishwa watumwa, kisha akadai mali yake. Kosa ni zito. Atasimamishwa mpaka kikao cha shauri, Alhamisi alasiri, na kanuni ilikuwa moja tu: aliyetendewa atasema kwa kinywa chake kama aliumizwa au la. Akikaa kimya, kimya chake kitahesabiwa kuwa ni maumivu, na mkosaji atatolewa.

Kabula alipofika jioni na mboga, alimkuta mama yake amekaa mbele ya ukuta usio na nuru. Akasimuliwa yote. Huyu Kabula alizaliwa mjini na kukulia mjini, fundi wa roboti za bustani, binti mwenye moyo safi. Akamtazama mama yake kana kwamba hamjui.

"Mama. Umemwita mzee wa watu mtumwa?"

Nyamizi akamweleza kwamba yule ni mtani. Akamweleza jinsi watu wa misafara walivyofika pwani wamechoka, wakapokewa na wenyeji wa huko, wakagombana, wakapatana, wakazikana, mpaka ukazaliwa udugu wa ajabu, wa kutukanana bila kukasirika. Mtani anaingia kwako anachukua kuku, nawe huna la kusema isipokuwa kucheka. Mtani anakuja msibani, anavaa nguo za marehemu, anaigiza alivyokuwa akitembea, mpaka waliokuwa wakilia wanashika mbavu. Kabula alisikiliza huku akichambua mchicha. Mwisho akauliza mbona yeye hajawahi kuyaona hayo. Mjini pale misiba iliendeshwa na mashine za mazishi, nazo zilifanya kazi kwa ukimya na usafi.

Nyamizi akamwandikia Pazi ujumbe. Haukujibiwa. Akaandika wa pili, wa tatu, akampigia. Kimya. Jumatano akaanza kuwaza kwamba labda Kabula ana haki, labda yule mzee alicheka kwa aibu tu, akaenda kujifungia na uchungu wake. Wazo hilo lilimuuma kuliko habari ya shahada. Alhamisi karibu na adhuhuri akampa mwenzake zamu ya mnara, akapanda treni ya sumaku, na kabla chai ya kwenye chupa haijapoa alikuwa ameshuka Kisarawe.

Nyumba ya Pazi ilikuwa na ua wa michongoma na bustani ya mihogo. Langoni alisimama kilinzi, roboti wa mviringo kama pipa la maji, mwenye magurudumu na jicho moja. Alimsoma Nyamizi usoni, kisha akasema kwa heshima kwamba jina lake limezuiwa. Mlinzi-adabu ameagiza nyumba imkinge mzee na mtu huyu, na ujumbe wake wote umefichwa ili usimwongezee maumivu.

Hapo ndipo Nyamizi alipoelewa. Pazi hakunyamaza. Alinyamazishwa, tena kwa wema.

Alimwomba kilinzi amwite mwenye nyumba. Kilinzi akakataa. Alimwomba ampelekee salamu tu. Akakataa, akamtakia safari njema. Nyamizi akageuka. Nje ya lango, kwenye majani, jogoo mwekundu mwenye mkia mrefu alikuwa anaparua ardhi kama amepewa kibarua.

"Huyu jogoo ni wa bwana wako?" akauliza.

Kilinzi akathibitisha kuwa ni wake.

"Basi mwambie mtani wake kamchukua."

Akainama, akamkamata jogoo kwa mabawa, akamtia kwapani na kuanza kuondoka taratibu, bila haraka, kama mtu aliyetoka sokoni. Kilinzi akapiga king'ora. Jogoo naye akapiga kelele zake. Majirani wakatoa vichwa madirishani. Na mzee Pazi akatoka mbio, mguu mmoja una kandambili na mwingine hauna, akiuliza kuna nini. Kilinzi akamjibu kwamba mwanamke wa Tabora ameiba jogoo, na anadai eti ni mtani.

Mzee akasimama. Akatazama mgongo ule wa koti la ufundi, na mkia wa jogoo unaoning'inia nyuma ya kiwiko. Akaanza kucheka kabla hajasema neno. Alicheka mpaka akashika nguzo ya lango.

"Mpagazi wangu," akaita, "unampeleka wapi? Hata jogoo unambeba upande."

"Nampeleka Tabora akajifunze kuwika," Nyamizi akajibu bila kugeuka. "Huku kwenu kajifunza uvivu."

Wakasimulizana palepale njiani, kila mmoja akishangaa. Pazi naye alikuwa ameambiwa na nyumba yake kwamba yule mama hataki tena mawasiliano. Alikuwa ameamini, na tangu siku hiyo hajawasha kivulinuru. Hata habari ya kikao hakuipata, ilifichwa pamoja na mengine.

Kikao kilikuwa kinaanza. Wakaingia ndani upesi, Nyamizi akakalia kiti kizuri cha mwenye nyumba bila kukaribishwa, Pazi akavuta kigoda. Nuru ikamwagika chumbani. Vichwa vya darasa zima vikajipanga ukutani, Mwalimu Kumbu akasimama karibu na kabati la vyombo, na darini ile taa nyekundu ikawaka. Kabula alikuwa amewasha kivulinuru cha mama yake kule Dodoma, naye akaonekana, mkono mdomoni. Wote walikuwa wanamtazama jogoo, ambaye hakuwa wa nuru, na alikuwa anajaribu kuvidonoa vichwa vya karibu.

Mlinzi-adabu akaongeza wizi kwenye makosa. Kisha akasoma ushahidi wake. Bangili ya afya ya mzee Pazi, ile inayosoma moyo, pumzi na hata machozi, ilionyesha kwamba siku ya tukio moyo wake ulikwenda mbio, pumzi zikakatika, na machozi yakamtoka. Dalili hizo, alisema, ni za mtu aliyeumizwa. Na sasa hivi, bangili inaonyesha zilezile.

"Mwanafunzi Pazi," Mwalimu Kumbu akasema kwa sauti yake ya asali, "mimi nimesoma kila kilichoandikwa kuhusu njia ile. Utani nimeusoma pia. Lakini sijawahi kuuona ukitendeka, na mlinzi hawezi kupokea ninachokisoma. Anapokea neno lako tu. Huyu mama amekuumiza? Na kama sivyo, wewe ulitaka nini ulipomchokoza?"

Pazi alivua kofia, akaikunja, akaikunjua. Mtu angedhani amesahau swali. Nyamizi akataka kumsaidia kwa neno la mzaha, akaliona si mahali pake, akalimeza.

Mzee akaanza kwa kuwaambia habari za mkewe, Tatu. Alifariki mwaka juzi. Mashine ya mazishi ilichimba kaburi la pembe sawasawa, ikalifukia, ikalisawazisha vizuri sana. Watu walitoa pole kwa adabu, wakaenda zao. Yeye alibaki amesimama pale anangoja. Alikuwa anangoja mtani atokee, aruke kaburini, aseme hatoki mpaka apewe chungu cha Tatu cha kupikia wali, ajifanye Tatu anavyogomba na muuza samaki. Aliwatazama wale waliovaa vizuri, mmoja mmoja. Hakutokea mtu. Akarudi nyumbani, na nyumba ikamuuliza kama angependa muziki wa kutuliza.

Kabula, kule Dodoma, alikuwa amekaa chini.

"Bangili haina kosa," Pazi akaendelea. "Moyo ulikwenda mbio, na machozi yalinitoka. Ni kwa kucheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Tatu aondoke. Mashine haijafundishwa kutofautisha, na sisi ndio hatukuifundisha."

Akaitazama ile taa darini. Kisha akamtazama mama wa koti la ufundi, aliyekalia kiti chake, na jogoo wake kwapani.

"Mwalimu, shahada ninazo mbili, ya tatu ya kazi gani? Mimi niliposikia kuna somo la njia ya Tabora, nilijua lazima atakuwamo Mnyamwezi. Nilikaa kimya nikisikiliza mpaka nikamjua ni nani. Nilitaka mtani. Ndicho nilichokitaka. Basi mrudisheni darasani, na jogoo mwacheni aende naye."